Moja Kati ya Sita

Sehemu ya tisa

Bahasha ilianguka kutoka kwenye mkoba wa Dada Risiti, ikalala sakafuni katikati ya duka la magodoro, na noti zikachungulia nje. Hapo ndipo tulipoachana wiki jana. Msomaji mmoja ameniandikia kwamba nilimkosesha usingizi. Pole yake, lakini Dada Risiti alikuwa na hali mbaya zaidi.

Kwa waliochelewa nitasema mara moja tu, sirudii. Dada Risiti ni keshia wa duka hili, mwaka wa kumi na moja sasa. Mwenye duka ni Mama Godoro, mjane asiye na maneno mengi, na ya wenzake pia hayapendi. Mkwe ni mume wa binti yake wa pekee, na ameletwa dukani mwezi uliopita kuwa mhasibu kwa sababu ana tai. Leo ni siku ya mwisho ya kulipa serikalini kodi ya mauzo ya miezi mitatu. Mkwe alisimama mbele ya wateja akasema kwamba Dada Risiti amekula laki nne za kodi, akaita polisi, akataka mkoba wa mtuhumiwa ufunguliwe. Ukafunguliwa.

Haya, twende.

Afande aliyekuja aliokota bahasha, akahesabu noti mara mbili, mara ya pili akilamba kidole.

"Laki nne kamili," akasema.

Dada Risiti alisema bahasha si yake na hajawahi kuiona. Mkwe alicheka, akasema tangu dunia iumbwe hajazaliwa mwizi aliyekubali kwamba mzigo ni wake. Wateja waliguna. Mama Godoro aliwaomba watoke wote, akashusha mlango wa chuma nusu, akarudi kusimama karibu na ukuta kama mtu aliyekuja kununua.

Sasa nisikilize vizuri. Keshia jina lake likishaandikwa polisi, hata kesi ikifutwa, hakuna tajiri atakayempa droo nyingine maisha yake yote. Dada Risiti alilijua hilo. Akabaki nyuma ya kaunta, karibu na droo yake.

Afande hakuwa na haraka. Alitafuta kiti, hakukiona, akakaa juu ya godoro la maonyesho, akaomba radhi kwa kukalia bidhaa. Kisha akaweka bahasha ubavuni pake, akafungua daftari, akaeleza msimamo wake. Yeye haandiki kitu asichokielewa. Mara ya mwisho alipoandika hivyo, hakimu alimsomesha mbele ya watu hadi mshtakiwa akamwonea huruma.

Basi akamgeukia Dada Risiti, akaanza kumuuliza pole pole. Duka limeuza magodoro mangapi kwa miezi mitatu? Mia moja. Kila moja bei gani? Laki moja na elfu ishirini, kodi ikiwa ndani. Jumla? Milioni kumi na mbili. Kodi ni asilimia ngapi? Ishirini.

"Asilimia ishirini ya milioni kumi na mbili ni ngapi?"

Dada Risiti alibonyeza kikokotoo. Kikokotoo hakina undugu na mtu.

"Milioni mbili na laki nne."

"Na kwenye fomu ya benki ya kulipia kodi umeandika ngapi?"

"Milioni mbili."

Afande akaandika. Mkwe akanyoosha tai yake, ambayo haikuwa imepinda.

"Kwa nini milioni mbili?"

"Kwa sababu nagawa kwa sita."

"Kwa nini sita?"

"Marehemu aliniambia sita."

Kalamu ya Afande ikasimama. Akauliza marehemu yupi, maana kwenye kazi yake hilo ni swali la kawaida. Mama Godoro akajibu kutoka ukutani kwamba ni marehemu wake.

Na huo ndio ukweli wenyewe, mpende msipende. Mwasisi wa duka hili alimwajiri Dada Risiti akiwa na miaka kumi na minane, akamwonyesha droo, kitabu cha risiti na kopo la biskuti lenye kufuli. Akamwambia: kila jioni hesabu mauzo, gawa kwa sita, fungu moja weka humu, ni la serikali, tusilile hata tukifa njaa. Dada Risiti aliuliza kwa nini sita na kodi ni ishirini. Mzee akamwambia atamweleza siku yoyote ile, kwa sasa afanye hivyo tu. Mwaka wa nne mzee akafa. Siku yoyote ile haikufika.

Kwa hiyo kwa miaka saba keshia huyu amekuwa akigawa kwa sita kwa imani tupu, na leo imani hiyo ilikuwa inampeleka ndani.

"Afande, umesikia mwenyewe," Mkwe akasema. "Eti marehemu. Ishirini ni ishirini. Laki nne imepungua kwenye fomu, na laki nne imo kwenye mkoba. Unataka nini tena, picha?"

Mama Godoro alishusha pumzi. Alimwambia Dada Risiti kwa sauti ndogo, bila kumtazama, kwamba alimpenda kama mwanawe. Alisema nilikupenda, si nakupenda. Dada Risiti alilisikia hilo na likamuuma kuliko pingu.

Hapo mambo yangekwisha, na mimi ningekuwa nimemaliza kazi mapema. Tatizo ni Afande.

Afande alikuwa amelala kidogo. Si usingizi, alijiegemeza tu kwenye godoro ili aandike vizuri, akagundua kwamba mgongo uliokuwa ukimsumbua tangu mwaka juzi umenyamaza. Akasema maelezo ya magodoro mia moja ni mengi mno kwa daftari lake. Akamtaka Mkwe amweleze wizi huo kwa godoro moja. Hili hapa, alilolikalia.

Mkwe alifurahi. Mtu mwenye tai hupenda kueleza.

Akasema lebo inasomeka laki moja na ishirini elfu. Asilimia ishirini yake ni elfu ishirini na nne, hiyo ndiyo kodi. Toa hiyo, inabaki elfu tisini na sita, hiyo ndiyo bei ya duka. Dada Risiti anapeleka ishirini tu, anakula elfu nne. Mara magodoro mia moja, laki nne. Kwisha.

Afande aliandika yote, akayasoma tena kwa kunong'ona. Kisha akauliza swali la kijinga. Naliita la kijinga kwa sababu ndivyo Mkwe alivyoliita, kimoyomoyo.

"Kwa hiyo duka linataka elfu tisini na sita zake, halafu serikali inaongeza ishirini kwa mia juu ya hizo?"

"Hasa."

"Ishirini kwa mia ya tisini na sita ni ngapi?"

Dada Risiti alibonyeza kikokotoo bila kuambiwa. Elfu kumi na tisa na mia mbili.

"Jumlisha."

"Laki moja, elfu kumi na tano, na mia mbili," akasema Dada Risiti.

Afande aliinua lebo iliyoshonwa pembeni mwa godoro, akaisogeza karibu na macho. Akaitazama kwa muda wa kutosha.

"Lebo inasema laki moja na ishirini. Hapa kuna elfu nne na mia nane ambazo si za duka wala si za serikali. Na keshia hajazigusa, godoro bado halijauzwa." Akageuza ukurasa. "Hizi niandike zimeibiwa na nani?"

Mkwe alinyoosha tai tena. Akasema kuna makosa madogo ya desimali.

"Desimali," Afande akarudia, akaandika. "Nitamtafuta na huyo."

Mama Godoro alibanduka ukutani kwa mara ya kwanza. Si kwamba alikuwa ameelewa. Mfanyabiashara ana pua yake, akisikia elfu nne na mia nane hazina mwenyewe, pua inawasha. Akauliza bei ya godoro kabla ya kodi ni ngapi hasa, maana marehemu ndiye aliyepanga na yeye hakuwahi kuigusa. Mkwe akasema tisini na sita. Dada Risiti akasema laki moja. Walisema kwa pamoja.

Na hapo ndipo kitu kilipomwamsha Dada Risiti. Aliuona mkono wa mzee, miaka kumi na moja nyuma, ukipapasa rundo la magodoro huku akisema sita. Mbona mkono ulikuwa kwenye magodoro, si kwenye kikokotoo? Alikuwa anamwonyesha. Yeye alikuwa anatazama droo.

Akatoka nyuma ya kaunta. Akaenda kona ya magodoro membamba ya watoto, akavuta moja, akalitupa chini katikati ya duka. Akavuta la pili, la tatu, la nne, la tano, moja juu ya jingine. Hakuna aliyemsaidia. Afande alitaka, lakini mgongo ulikuwa umestarehe.

"Haya matano ni ya duka," akasema, akihema. "Ishirini kwa mia maana yake ni moja kwa kila tano. Ndiyo, siyo?"

Afande akahesabu kwa vidole. Ndiyo.

Dada Risiti akavuta godoro la sita, akalitupa juu ya mengine.

"Hili ni la serikali. Haliko ndani ya matano, limewekwa juu yake. Mteja analipa mangapi?"

"Sita," akasema Mama Godoro.

"Na humo ndani ya sita, ya serikali ni mangapi?"

"Moja."

"Moja kati ya sita. Mauzo ni yale sita, Mama, yote pamoja. Nikigawa kwa sita napata lile moja la juu. Nikichukua ishirini kwa mia ya rundo zima, nimelitoza kodi hata hili la serikali lenyewe." Akalipiga kofi godoro la juu. "Shemeji anatoza kodi juu ya kodi. Kodi ni milioni mbili, na ishirini kwa mia ya milioni mbili ni laki nne. Ndiyo hiyo laki nne yake. Haijaibiwa. Haijawahi kuwepo."

Afande alikuwa anaandika kwa nguvu, ulimi nje. Akajaribu na lebo: laki moja na ishirini gawanya kwa sita, elfu ishirini, ongeza kwenye laki moja, inarudi laki moja na ishirini. Akajaribu tena kwa kuanzia nyuma. Ikarudi. Akasema hesabu hii inakubali kwenda na kurudi, na kwamba shahidi akifanya hivyo huwa anaaminika.

Mama Godoro alimsogelea Dada Risiti, akamshika mkono, akasema maneno mawili tu: nisamehe, mwanangu. Dada Risiti alilia. Siwezi kuficha, alilia kwa sauti, na mimi ninayeandika sikuwa sawa.

Lakini Mkwe bado alikuwa na jiwe mkononi.

"Sawa, tuseme hesabu ni ya kwenu," akasema. "Na ile bahasha je? Pesa haikuota miguu ikaingia mkobani."

Afande alikubali kwamba hilo lina uzito. Alisema ameshawahi kuwa na wizi usio na pesa, ndiyo kazi yenyewe ilivyo. Lakini kuwa na pesa isiyo na wizi wake, hilo ni geni kwake na hajui liandikwe ukurasa gani.

Mama Godoro ndiye aliyelifungua fundo. Mwanamke huyu anazungumza kidogo kwa sababu anaweka akiba.

"Mkwe wangu, nikuulize. Aliyeweka bahasha alijuaje kwamba iwe laki nne, isiwe tatu, isiwe tano?"

Mkwe alitazama mlango.

"Laki nne hiyo haipo kwenye droo, haipo benki, haipo kwenye kitabu. Tumeona wote. Mahali pekee duniani ilipokuwepo ni kwenye karatasi yako. Aliyeijaza bahasha ile aliisoma karatasi yako, au aliiandika."

Loo. Kosa la hesabu lilikuwa limeacha alama ya kidole.

Mkwe alitokwa na jasho hadi tai ikaona aibu. Akapapasa mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akamkabidhi mama mkwe wake kwa mikono miwili, kwa adabu ambayo sikujua kama anayo. Akasema yeye hesabu hakuifanya. Yeye kugawanya kulimshinda tangu darasa la tano, na ndiyo maana alivaa tai. Alichofanya ni kuisoma kwa sauti kama alivyopewa.

Mama Godoro aliikunjua. Hakuhitaji kusoma namba. Aliyajua yale maandishi, saba yenye mkato katikati na nne iliyofunguka juu. Mkono huo ndio ulioandika lebo za duka hili kila likizo tangu ukiwa mkono wa mtoto.

Wakati huohuo mlango wa chuma ukasukumwa juu kidogo, na binti yake akainama, akaingia. Alikuwa amefuata chupa ya chai aliyomletea mumewe asubuhi. Asubuhi hiyohiyo, kama mnakumbuka, alipita nyuma ya kaunta kuiweka, pale unapotundikwa mkoba wa Dada Risiti. Kama hamkumbuki basi mnasoma kwa kurukaruka, na si kosa langu.

Binti aliona rundo la magodoro sita. Aliona karatasi mkononi mwa mama yake. Hakukimbia wala hakukana.

"Ina kosa gani?" akauliza.

"Ni moja kati ya sita, mwanangu," mama yake akasema. "Si moja kati ya tano."

Binti alilitazama rundo kwa muda mrefu. Alikuwa amesoma hadi chuo, akarudi na cheti kilichowekwa kwenye fremu sebuleni, na midomo yake ilikuwa ikihesabu kama ya mtoto. Ilipofika sita ikatulia.

"Baba alimwambia yeye sita," akasema. "Mimi kila nikija hapa dukani aliniambia nenda kasome. Nimesoma, mama. Ya kwake hakunifundisha hata moja. Akafa, na funguo zikabaki kwa mtu mwingine."

Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema waliotangulia. Hawakusema ufanyeje ukishagundua nguo ni ya mwanao.

Afande alisimama, kwa huzuni ya kuachana na godoro. Akafungua ukurasa mpya, akauliza jina kamili la aliyeweka bahasha.

"Mimi," akasema Mama Godoro kabla binti hajapumua. "Andika mimi."

Afande alimtazama mama, akamtazama binti, akamtazama Dada Risiti. Akasema yeye si mtoto mdogo. Kisheria, aliyesingiziwa sasa ndiye mwenye kesi, kwa hiyo atamuuliza yeye.

"Dada. Niandike nani?"

Dada Risiti alikuwa na haki ya kutaja jina. Saa moja iliyopita walikuwa wanampeleka ndani, na binti huyu, waliyekuwa wakila naye sahani moja kila likizo, alikuwa amekaa nyumbani akisubiri chupa yake. Hasira alikuwa nayo, tena ya kutosha. Akaweka kiganja juu ya godoro la sita.

"Andika marehemu," akasema. "Alifundisha mmoja akamwacha mwingine. Na huyo mmoja naye hakummalizia."

"Marehemu hakamatwi," Afande akasema.

"Basi funga daftari."

Binti akaketi sakafuni palepale alipokuwa amesimama, akafunika uso kwa khanga. Dada Risiti akaketi ubavuni pake. Mama Godoro akajikuta anapanga pembe za magodoro zilingane, kwa kuwa mikono ilitaka kazi. Hata Afande aligeuka kutazama ukuta, akasoma tangazo la dhamana ya miaka mitano tangu mwanzo hadi mwisho.

Ni Dada Risiti aliyekumbuka saa. Ilikuwa saa nane na nusu, na benki inafunga saa tisa. Akafuta macho, akafungua kabati, akatoa kopo la biskuti. Jana jioni aliliacha na milioni mbili kamili. Akaliinua, akasita. Akafungua kufuli, akahesabu vibunda, akahesabu tena.

"Milioni moja na laki sita," akasema.

Binti hakuinua uso. Alisema kwa sauti ya ndani ya khanga kwamba ufunguo wa akiba unaning'inia jikoni kwa mama, na kwamba yeye laki nne za kutia kwenye bahasha angezitoa wapi pengine.

Dada Risiti aliguna kwa nafuu. Hiyo si shida. Pesa si ipo pale kwenye godoro la maonyesho, irudishwe kopo lijae, watu wakimbie benki.

Wote wakageuka.

Godoro lilikuwepo, na shimo la Afande bado katikati yake. Bahasha haikuwepo. Kwenye mpini wa mlango wa chuma, uliokuwa wazi hadi juu sasa, kulikuwa kunaning'inia tai.

Afande alivua kofia, akaivaa tena. Kisha akalifungua daftari alilokuwa amelifunga, maana kwa mara ya kwanza tangu asubuhi laki nne ilikuwa imeibiwa kweli.